Harufu Haijaondoka

Mwanangu Chebet,

Nimepata ujumbe wako na zile picha za vayoleti, vimaua vya zambarau ulivyovikuta kando ya njia unapokwenda kazini huko Uingereza. Unauliza kwa nini ukizinusa mara ya kwanza harufu inakujaa puani, halafu ukirudia hupati kitu. Unauliza pia utaziwekaje nyumbani, ilhali vikonyo vyake ni vifupi kama kidole. Umenifurahisha sana. Nilipaki maua Naivasha ujana wangu wote, na bado nikisikia habari za ua siwezi kunyamaza.

Harufu haijaondoka. Vayoleti zina kemikali iitwayo ayononi, na hiyo huchosha pua upesi: ikishagusa vipokezi vya harufu, vinaacha kwa muda kupeleka habari kwenye ubongo. Ua linanukia vilevile. Ni pua iliyolala. Toka, fanya shughuli nyingine, kisha urudi, utaisikia upya. Kwa hiyo usiziweke kando ya kitanda wala kwenye meza unayokaa kutwa. Ziweke unapopita: karibu na mlango, au pale unapooshea vyombo.

Zichume asubuhi na mapema, ukate kikonyo chini kabisa, na uchume majani machache pamoja nazo. Kisha fanya jambo ambalo kwa mawaridi sikumruhusu mtu yeyote: zizamishe kichwachini ndani ya maji baridi kwa muda wa saa moja hivi. Waridi likilowa petali hushikwa na ukungu, lakini vayoleti hunywa maji hata kwa petali zake. Utazitoa zimesimama imara, hata zile zilizokuwa zimelegea mkononi. Zikung'ute polepole, zikusanye ziwe kishada, zizungushie majani yake kama kola, ufunge kwa uzi. Chombo kiwe na mdomo mwembamba: kichupa cha dawa, kikombe cha yai, glasi ndogo. Kwenye chombo kipana zitalala pembeni na kuzama. Maji badilisha kila siku. Ziwe mbali na hita, na mbali na ndizi mbivu pia, kwa sababu matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Ndiyo maana kwenye chumba chetu cha baridi hakuna aliyeingia na tunda.

Hata ukifanya yote hayo, zitadumu siku chache tu. Hilo lisikuvunje moyo. Mawaridi tuliyosafirisha yalizalishwa ili yakae muda mrefu ndani ya maji, na katika kutafuta uhai huo, harufu mara nyingi ilipotea. Mimi ningetoa shada zima la mawaridi hayo nipate kiganja kimoja cha vayoleti zako.

Ukikutana na nyingine zisizonukia, huenda hizo ni za aina tofauti, kama Viola riviniana, ambayo huchanua baadaye kidogo. Zako ni Viola odorata, zinazoanza Februari au Machi, na huenda ukapata hata nyeupe.

Ulisema pia unaona huruma kuzichuma. Chuma kidogo, bila wasiwasi. Wakati wa kiangazi cha huko mmea huo hutoa maua mengine yasiyofunguka kabisa, yanayojichavusha yenyewe na kuzaa mbegu, na sisimizi huzisambaza. Kung'oa mizizi ndiyo usithubutu: sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Mama yako amezitazama picha akasema ni ndugu za ile vayoleti ya Afrika iliyo dirishani petu hapa Njoro. Nimemweleza kwamba hawana undugu. Ile yake asili yake ni milima ya Usambara, ambako Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliikusanya mwaka 1892, na haina harufu. Ndugu halisi yupo karibu zaidi: Viola abyssinica, inayotambaa kwenye misitu ya nyanda zetu za juu. Ukija likizo nitakupeleka tukaitafute.

Sasa mama anataka umletee mche wa hizo zinazonukia. Usiutie kwenye begi hivihivi. Mmea hauingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, nami nitauliza utaratibu wake kabla hujakata tiketi.

Baba yako