Shabiki Muulize Anaogopa Nini

Swali la wiki: Mechi kubwa ikikaribia, ubishi wa mashabiki kuhusu nafasi ya timu yao una thamani yoyote, au ni kelele za kupitisha muda?

Ndugu Mhariri,

Una thamani, tena kubwa, mradi mtu ajue pa kutegea sikio. Shabiki akikutajia matokeo, mwache aseme, maana hapo moyo ndio unaozungumza. Kisha muulize anaogopa nini. Jibu la swali hilo la pili limetokana na miaka mingi ya kukaa jukwaani mvua ikimnyeshea, na mimi naliamini kuliko uchambuzi mwingi wa televisheni.

Nasema haya kutoka Hull, mji wa bandari ulioko mashariki mwa Uingereza, ninakoishi na kufanya kazi. Soka ipo huku, lakini mchezo unaowakosesha watu usingizi ni raga. Wala si ile raga ya wachezaji 15 tunayoijua Nairobi, au ile ya wachezaji saba wa Shujaa. Hii ni ya wachezaji 13 kila upande, na sheria zake ni tofauti kiasi kwamba anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani refa amechanganyikiwa. Timu ikiwa na mpira huruhusiwa kuangushwa mara sita tu. Ikiangushwa mara ya sita bila kufunga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa lango la wapinzani, mpira ni wa wapinzani. Kwa hiyo baada ya kuangushwa mara ya tano wengi huupiga mpira mbali ili wapinzani waanzie karibu na lango lao. Trai ni pointi 4, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 2. Halafu kuna pointi 1 kwa mchezaji anayeudundisha mpira chini na kuupiga katikati ya milingoti huku mchezo ukiendelea. Hiyo pointi 1 imeliza watu wazima mbele ya macho yangu.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1895 katika hoteli moja mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zilipojitenga na chama cha raga cha Uingereza. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa, watu wa viwandani na wa bandarini. Kucheza Jumamosi kulimaanisha kukosa mshahara wa siku hiyo. Klabu zilitaka kuwafidia, chama kikakataa katakata. Nadhani ndiyo sababu hadi leo mashabiki wa huku wakimjadili mchezaji humjadili kama mfanyakazi mwenzao: nani anajituma, nani anakwepa mzigo, nani amechoka na hasemi.

Hull ina timu mbili, na mto unaoitwa Hull umezigawanya. Magharibi kuna Hull FC, weusi na weupe, timu iliyolelewa na familia za wavuvi wa Hessle Road. Mashariki kuna Hull KR, wekundu na weupe, timu ya watu wa gatini. Mimi naishi mashariki na rangi yangu ni nyekundu. Ijumaa Kuu ni siku ya debi, na wiki mbili kabla yake hakuna mazungumzo mengine mjini. Aliyewahi kupita Nairobi siku mbili kabla ya Gor kukutana na Ingwe, au Kariakoo kabla ya Simba na Yanga, hahitaji nimweleze zaidi. Mwaka 1980 timu hizi mbili zilikutana Wembley kwenye fainali ya Kombe la Challenge, kombe la mtoano la mchezo huu, mbele ya watu 95,000. Hadi leo wazee wanasimulia kibao kilichoachwa kando ya barabara ya kutokea mjini, kikimwomba atakayeondoka wa mwisho azime taa. Hull KR ilishinda 10-5. Wa mashariki watakukumbusha hata kama hukuuliza.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe. Kazini kwetu ni ghalani, na siku mbili kabla ya mechi klabu hutangaza orodha ya wachezaji 21, ambamo 17 ndio watakaovaa jezi siku yenyewe. Orodha hutufikia wakati wa mapumziko. Tunaye dereva mmoja wa foklifti, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, shabiki wa Hull KR tangu utotoni. Huinyoosha simu mbali na macho, akateremsha kidole gumba jina kwa jina, taratibu, midomo ikicheza kama anayesali. Vijana wote wanatafuta nyota wa timu. Yeye anamtafuta asiyekuwepo. Akifika mwisho huiweka simu mezani na kuuliza swali lile lile kila wiki: dakika ya 25 nani atabeba mpira?

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa swali hilo. Katika raga hii mafowadi wa mbele, majitu yenye kilo 110 na zaidi, ndio wanaopokea mpira mara ya kwanza na ya pili na kujitupa kwenye ukuta wa watu wenye uzito kama wao. Hakuna binadamu anayeweza hivyo dakika 80. Karibu na dakika ya 25 wanaoanza hutoka wakihema, na walio benchi huingia. Kubadilisha kunaruhusiwa mara nane tu, kwa hiyo kocha hawezi kucheza na nafasi hizo. Benchi likiwa laini, mambo huharibika kimyakimya. Timu inapoteza mita mbili hapa, tatu pale. Mpira wa baada ya kuangushwa mara ya tano, uliokuwa ukipigwa kutoka katikati ya uwanja, sasa unapigwa kutoka mita 20 za kwenu. Wapinzani wanaanza kila zamu wakiwa jirani na lango. Trai ikija dakika ya 38 mtangazaji atamsifu winga aliyeifunga, na yule dereva wetu atakuwa amekwisha kuiona tangu Jumatano kwenye orodha.

Hofu ya namna hiyo ni maarifa, na watu wa mashariki mwa Hull wameyanunua kwa bei kali. Mwaka 2015 tulikwenda Wembley tukanyukwa na Leeds 50-0. Mwaka uliofuata tulicheza na Salford mechi moja ya kuamua nani abaki ligi kuu. Tuliongoza 18-10 zikisalia dakika mbili. Salford wakafunga trai mbili, zikawa 18-18, na katika muda wa nyongeza Gareth O'Brien wao akaupiga ule mpira wa pointi 1 kutoka mbali sana. Tukashuka daraja. Na mwaka huo huo wa 2016 jirani zetu Hull FC walishinda Wembley kwa mara ya kwanza katika historia yao, kwa kuwafunga Warrington 12-10, kwa hiyo hata pa kuuficha uso hapakuwepo. Tulirudi. Mwaka 2023 tukapoteza fainali ya Kombe la Challenge kwa Leigh, 17-16, tena kwa pointi 1 ile ile katika muda wa nyongeza. Mwaka 2024 tukapoteza fainali ya ligi kwa Wigan, 9-2.

Nikiombwa ushahidi wa ninachosema, nautoa Juni 2025. Tulikuwa tunaongoza ligi, na fainali ya Kombe la Challenge ilikuwa dhidi ya Warrington, ambao msimu wao haukuwa mzuri. Utabiri uliokuwa ukitembea ghalani ni kwamba tungewazaba kwa tofauti ya pointi 20. Lakini nilipowauliza watu wazima wanaogopa nini, jibu lilikuwa moja: mguu wa Marc Sneyd. Huyu aliwahi kuichezea Hull FC, na akiwa huko alichaguliwa mchezaji bora wa fainali za 2016 na 2017. Walimjua. Walijua jinsi anavyoutuma mpira ukaanguka pale ambapo mlinzi hana pa kwenda. Basi ilikuwa vile vile. Sneyd alitubana nyuma mchana kutwa, Warrington wakaongoza 6-2, na tuzo ya mchezaji bora akaichukua tena ingawa timu yake ilishindwa. Ni dakika za mwisho kabisa ndipo Tom Davies alipouwahi mpira ndani ya eneo la trai, 6-6, na Mikey Lewis, kijana wa hapa hapa Hull, akapiga mkwaju kutoka pembeni ukapita katikati ya milingoti. 8-6. Kombe letu kubwa la kwanza tangu 1985. Tofauti ya pointi 20 haikuonekana popote. Mguu wa Sneyd ulionekana dakika zote 80.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa Oktoba ya mwaka huo huo, na ana haki. Tulikutana tena na Wigan kwenye fainali ya ligi Old Trafford, na wiki nzima watu wangu walikuwa wanatetemeka. Tulishinda 24-6, tukabeba mataji yote matatu ya msimu mmoja, kama Wigan wenyewe walivyofanya 2024. Hofu yao ilikuwa na maana gani basi? Nimelifikiria sana jambo hili, na naona hofu za shabiki ni za aina mbili. Ipo inayotaja kitu: mguu wa fulani, benchi la dakika ya 25, winga wetu wa kushoto asiyeruka vizuri. Hiyo ichukue, ina kazi. Ipo nyingine isiyotaja kitu. Ukimuuliza mtu kwa nini anaogopa anakujibu "si unawajua sisi" au anakutajia mwaka. Wiki ile ya Oktoba hakuna aliyenitajia mchezaji wa Wigan. Walinitajia 2024. Hiyo ni jeraha, na jeraha halijui lolote kuhusu mechi ijayo. Linastahili kusikilizwa kwa upole tu.

Kuna jambo jingine ambalo swali lenu limelifungua, na siwezi kulipita. Mimi ni mgeni katika mji huu. Sikulelewa na babu wa kunipeleka uwanjani. Miezi ya mwanzo watu kazini waliniamkia kwa adabu, wakanieleza kazi, basi. Ubishi wa kabla ya mechi ndio uliowafanya waniulize naonaje. Mtu akishakuuliza unaonaje, na akakukatalia kwa sauti mbele ya wenzake, ujue umeshakuwa mtu wa hapo.

Na mji huu una historia ya hilo. Barabara kuu inayokuingiza Hull kutokea magharibi inaitwa Clive Sullivan Way. Sullivan alikuwa winga, mtu mweusi kutoka Cardiff, na mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la mchezo huu huko Ufaransa. Ndiye mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote mkubwa. Katika fainali dhidi ya Australia, iliyokwisha 10-10, alikimbia karibu uwanja mzima na kufunga trai. Alizichezea Hull FC na Hull KR zote mbili, na wa pande zote mbili humtaja kama wao. Alifariki 1985 akiwa bado kijana wa miaka 42. Kila nikipita barabara hiyo kwa basi nalisoma jina lake. Wakenya nao wamewahi kuucheza mchezo huu katika klabu za kaskazini, Eddie Rombo na baadaye Lucas Onyango, na ningependa vijana wetu wanaokimbia kwa kasi ile ya ajabu kwenye raga ya wachezaji saba wajue kwamba mlango huo upo.

Nikirudi kwenu: jibu langu lingekuwa na kasoro kama nisingejiweka kwenye mizani mwenyewe. Kuhusu debi ijayo, natabiri Hull KR itashinda kwa pointi 12. Hilo ni la moyo, msilishike. Ninachoogopa ni hiki. Wenzetu wa magharibi hucheza debi kwa kubeba mpira kwa nguvu katikati kabisa ya uwanja, bila mapambo, hasa upepo wa Bahari ya Kaskazini ukivuma na mpira wa juu ukawa haushikiki. Sisi tunapenda kuusambaza mpira hadi pembeni, na siku ya upepo pembeni ni mbali. Tukimkosa hata fowadi mmoja wa benchi, tutarudishwa nyuma kati ya dakika ya 25 na mapumziko, na mechi itakuwa imeshaondoka. Wakiwepo wote, na upepo ukatulia, tuko salama. Orodha ya 21 itatoka Jumatano. Hadi wakati huo, chochote nitakachoongeza hapa kitakuwa mapenzi tu.

Msomaji wenu,
Hull, Uingereza