Jibu: ruhusa ya kumwaga maji kwenye parseli (kiwanja) ya mteremko, Kadutu

Ndugu, umeuliza ni ofisi gani hapa Bukavu inatoa ruhusa ya kumwaga maji, maana unataka kujenga vyumba vya kupangisha Kadutu na kufuga nguruwe kumi nyuma yake. Mimi ni fundi mwashi, na kazi zangu nyingi ziko kwenye miteremko kama hiyo. Usitafute karatasi moja ya maji yote. Yatenganishe kwanza, kwa sababu sheria haiyatazami sawasawa.

Ya mvua ndiyo yanayoleta kesi. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 inamlazimisha mwenye kiwanja cha chini kupokea maji yanayoteremka yenyewe kutoka juu, na inamkataza wa juu kumzidishia mzigo. Watu hukariri kipande cha kwanza tu! Ukishapiga bati, maji hayateremki tena yenyewe. Fanya hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 80 za mraba likipata mvua ya milimita 30 linakuteremshia lita 2,400. Ukizielekeza zote kwa bomba moja juu ya ukuta wa jirani, mkifika mahakamani sheria iko upande wake. Weka mifereji ya bati na tangi, kisha kinachofurika kifike kwenye kanivo, yaani mfereji wa pembeni mwa barabara. Barabara haina kanivo? Nyingi huko hazina. Basi andikianeni na jirani wa chini, mbele ya shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), kabla hujachimba msingi. Ukingoja mvua za Septemba zianze, bei ya maelewano inapanda.

Ya choo na jikoni ni habari nyingine. Sheria ya mazingira namba 11/009 ya 2011 na sheria ya maji namba 15/026 ya 2015 zinalinda mito na ziwa dhidi ya uchafu. Kwa hiyo anayekuuzia "ruhusa" ya bomba la choo kuingia mto Kawa anakuuzia muhuri tu. Jambo hili hupitia kwenye ruhusa ya kujenga: plani unayopeleka kwa watu wa urbanismu (ofisi ya mipango miji) ionyeshe fosi septike, yaani tangi la maji ya choo, na shimo la kunyonya maji.

Hapo kwenye shimo usifuate ushauri wa ndugu zetu wa Goma. Wao wamekaa juu ya mawe ya volkano, maji yanazama mara moja (na uchafu pia, ila hiyo ni kesi yao). Udongo wetu ni wa mfinyanzi, unanyonya polepole, na ukishiba unaporomoka. Usichimbe shimo hilo juu ya ukuta unaozuia udongo, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Afadhali upunguze chumba kimoja.

Nguruwe kumi wasikutishe. Uchunguzi wa athari kwa mazingira, ule wa Agence Congolaise de l'Environnement (wakala wa serikali wa mazingira), ni mambo ya migodi, viwanda na miradi ya namna hiyo. Wewe jenga sakafu ya beto (zege) yenye mwinamo, paa juu yake, na shimo la samadi lililofunikwa. Mvua ikipita kwenye samadi, zile lita 2,400 zote zinageuka maji machafu, na jirani wa chini hatahitaji wakili kulithibitisha.

Tuma picha ya parseli ukiwa umesimama chini, tuone bomba litokee upande gani.