Kupima tenisi na raketi nane tu
Mwl unayeuliza utawapimaje watoto 40 tenisi na raketi ziko nane, usianze na sevu, yaani ule mpigo wa kuanzisha mchezo, hiyo inasumbua hata watu wazima. Funga kamba iwe wavu, kimo cha sentimita 80, chora kiwanja kwa chaki mita 11 kwa 6 hivi, tafuta ile mipira laini myekundu ya watoto maana haikimbii sana. Mmoja arushe kwa mkono, mwingine apige, wengine wahesabu. Ila maksi usitoe kwa mpira kuingia tu jamani, angalia kama kageuza bega mapema na kaugonga mpira ukiwa mbele yake. Mi nilikuwa na mtoto anashika raketi kama mwiko wa ugali, mipira yote inapaa, tukarekebisha mshiko tu, wiki mbili baadaye anarudisha mitano mfululizo!