Maswali Yenu: Kuna mtu kaingia kwenye redio yangu

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Kila ikifika saa mbili usiku stesheni ninayosikiliza miaka yote kwenye 98.2 inaanza kukoroma, alafu inaingia sauti ya kijana anapiga miziki na kutaja namba yake ya simu watu waombe nyimbo. Majirani wanasema ni wa ghorofa la nyuma, kaagiza transmita mtandaoni. Hivi hawa wanakamatwa kweli? Na ni kosa gani hasa maana dogo anapiga miziki tu.

JIBU: Wanakamatwa ndugu yangu, na wala sio kazi ngumu kihivyo. Redio bubu, yaani ya kurusha bila leseni (naziita hivyo kama zile bandari bubu, ingawa hii haijawahi kuwa bubu hata siku moja) haiwezi kujificha, kazi yake ni kusikika. Wakaguzi wanakuja na gari lenye antena inayoonyesha mawimbi yanatokea upande gani, wanachora mstari kwenye ramani, wanahamia sehemu nyingine wanachora wa pili na wa tatu, pale mistari inapokatana ndio mtaa wenyewe. Baada ya hapo ni kwa miguu na kipokezi cha mkononi mpaka mlangoni. Na huyu wako kawarahisishia, namba ya simu anaitaja mwenyewe!

Huko kukoroma ni tabia ya FM, kipokezi kinashika wimbi lenye nguvu zaidi na kulimeza lingine, sasa yakikaribiana nguvu ndo unapata huo ugomvi. Ila kukosa kipindi chako ni madogo. FM inaishia megahezi 108 na palepale yanaanza masafa ya ndege, kwanza ya kutafutia njia, alafu kuanzia 118 ni rubani kuongea na mnara wa kuongozea ndege. Transmita ya bei chee mara nyingi haina filta ya maana (kichujio cha mawimbi yasiyotakiwa), ikikaa karibu na stesheni kubwa mawimbi yanachanganyikana humo ndani na kuzaa mengine. Piga hesabu: stesheni kubwa ya jirani ipo 107, mara mbili yake 214, toa 98.2 ya dogo, unabaki na 115.8. Hapo ndege inatafuta njia. Dogo hajui kabisa, kwake miziki inatoka safi.

Adhabu kila nchi na yake, mara nyingi inaanza barua ya onyo, ukikaidi ni faini na vifaa kuchukuliwa. Marekani sheria ya Januari 2020 ilipandisha faini mpaka dola 100,000 kwa siku, jumla isizidi milioni 2, na mwenye nyumba aliyeruhusu huku akijua naye anabanwa.

Kitu kingine, kabla hujashtaki zima swichi kuu ya nyumba usikilize kwa redio ya betri, maana taa za LED na chaja mbovu nazo zinakoromesha redio (ingawa hazitaji namba ya simu). Ikiendelea andika tarehe, saa, masafa, rekodi dakika chache upeleke mamlaka ya mawasiliano. Usipande darini kwa mtu kukata waya tafadhali.

SWALI: Mi nataka kuanzisha karedio kadogo ka wati 5 tu, na hako kanahitaji leseni?

JIBU: Kanahitaji. Wati 5 ukiziweka juu ya paa refu zinafika kilometa kadhaa, kimo cha antena ndio kinabeba mambo. Kwa kulinganisha, Marekani FM isiyo na leseni inaruhusiwa nguvu ndogo sana, mita kama 60 hivi basi. Kama unataka wasikilizaji tu rusha kwa intaneti, huko hugusi masafa ya mtu, ila uliza kwanza maana zipo nchi ambazo hata hiyo inataka leseni.