Kwa mwalimu mpya wa Historia: Vita Kuu ya Pili ianzie stoo

Swali lililoniumbua liliulizwa na kijana wa kidato cha nne aliyekaa dawati la nyuma kabisa, yule ambaye siku zote nilidhani amesinzia. Nilikuwa nimemaliza kueleza mapigano ya Stalingrad, mji wa Urusi, kwa mbwembwe zote: theluji, upepo, Wajerumani wanaganda na bunduki mikononi, Warusi wanashinda. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani Warusi wao baridi ilikuwa haiwapigi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema "swali zuri, tutalijibu kesho," na usiku ule sikupata usingizi. Miaka mitatu nilikuwa nikifundisha kitu nilichokariri kwenye notisi za mwalimu wangu, naye sijui alikariri za nani.

Sasa wewe unayeripoti kituo chako cha kwanza, mada hii utabebeshwa, maana wakongwe huikwepa. Majina hayatamkiki, tarehe ni nyingi, na ramani yenyewe ni ya nchi za mbali. Nakupa niliyoyapata kwa kuaibika, ili wewe uaibike kwa mengine.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mama wa stoo. Shule yetu ni ya bweni. Akafungua daftari lake la mistari: wanafunzi 400, unga kilo 200 kwa siku, ugali wa mchana na wa jioni. Nusu kilo kwa kichwa. Nikarudi darasani na hiyo nusu kilo, nikaiandika ubaoni peke yake, bila kichwa cha habari.

Kisha nikawaambia: tarehe 19 Novemba 1942 Wasovieti, yaani Warusi na wenzao, walianza kushambulia kutoka pande mbili za Stalingrad. Siku nne baadaye vikosi vyao vilikutana karibu na Kalach, na Jeshi la Sita la Wajerumani, la Jenerali Paulus, likawa limefungiwa ndani. Watu wapatao 250,000. Haya, zidisheni.

Kalamu zikakimbia. Tani 125 kwa siku, kwa unga mtupu, kabla hujahesabu risasi, mafuta wala dawa. Ndege ya mizigo ya Wajerumani, Junkers 52, ilibeba tani mbili hivi. Maana yake safari zaidi ya 60 kila siku kupeleka unga tu, katika ukungu na theluji, huku unatunguliwa. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alikuwa ameahidi kwamba jeshi lake litaimudu kazi hiyo. Waliozingirwa walihitaji angalau tani 300 kwa siku ili waendelee kupigana, na walichopata kwa wastani hakikufika hata nusu. Tarehe 24 Desemba vifaru vya Wasovieti vikavamia uwanja wa ndege wa Tatsinskaya, mojawapo ya viwanja ambako msaada huo ulikuwa ukitokea.

Yule kijana wa dawati la nyuma ndiye aliyeimaliza hesabu kwanza. Akasema, "Basi mwalimu, hawa walishakufa Novemba. Februari walikwenda kuzikwa tu."

Sijawahi kuiweka vizuri kuliko yeye. Mabaki ya jeshi lile yalisalimu amri tarehe 2 Februari 1943. Waliotekwa walikuwa kama 91,000, na waliorudi kwao baada ya miaka hawakufika 6,000. Baridi ilikuwepo, tena iliua wengi, lakini ilimkuta mmoja ameshiba, amevaa viatu vya manyoya, na mwenziwe anatafuna nyama ya farasi aliyekufa. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa siku ya kwanza.

Kwa nini walizingirwa kirahisi vile? Hapo tumia vizibo vya soda. Panga vizibo vya rangi moja vingi katikati ya meza, mjini, na vya rangi nyingine vichache vichache ubavuni, kushoto na kulia. Hao wa ubavuni ni Waromania, waliopewa mstari mrefu wa kulinda na mizinga michache mno ya kupigia vifaru. Mwite mwanafunzi apitishe viganja viwili pembeni mpaka vikutane nyuma ya mji. Sekunde mbili. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini kuelewa kwao ni kwa Kiswahili na kwa vizibo, kwa hiyo usione haya kuanzia huko.

Jambo jingine ambalo mtaala haukusaidii: vita hivi vimekatwa vipande, Ulaya huku, Afrika Kaskazini kule, Pasifiki mwisho wa sura. Mwanafunzi anaondoka akidhani vilipiganwa kwa zamu. Chukua karatasi moja, chora safu nne, jaza wiki chache tu za mwishoni mwa 1942. Tarehe 23 Oktoba Waingereza wanaanza mapigano ya El Alamein, Misri. Tarehe 8 Novemba Wamarekani na Waingereza wanatua Morocco na Algeria. Katikati ya Novemba Wamarekani na Wajapani wanazamishana meli usiku karibu na kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki. Tarehe 19 ndiyo Stalingrad. Ukimaliza, waulize: Hitler alipokimbiza askari Tunisia kuzuia hao waliotua, aliwapeleka kwa chombo gani? Kwa ndege za mizigo. Zilezile Junkers ambazo Paulus alikuwa anazililia. Karatasi hiyo moja imenisaidia kuliko sura nzima ya kitabu.

Midway, kisiwa cha Wamarekani katikati ya Pasifiki, nayo ina mtego wake. Wanafunzi hupenda zile dakika chache za asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, ndege za Marekani zilipoziwasha moto manowari tatu za Wajapani za kubeba ndege, Akagi, Kaga na Soryu, na ya nne, Hiryu, ikafuata siku hiyohiyo. Simulia, usiwanyime utamu. Simulia na kisa cha maji pia: Wamarekani walikuwa wanasoma sehemu ya ujumbe wa siri wa Wajapani, wakahisi kwamba "AF" ni Midway. Ili wahakikishe, wakaiagiza Midway itangaze redioni, bila kuficha, kwamba mtambo wake wa maji safi umeharibika. Haukupita muda Wajapani wakaarifiana kwamba AF haina maji. Hapo darasa hushangilia kama vile timu yao imefunga goli.

Baada ya shangwe, warudishe stoo. Manowari ya kubeba ndege haishonwi kama gunia. Japani ingeziba lini pengo la manowari nne kwa mpigo? Marekani, hadi mwisho wa 1944, ilikuwa imeingiza kazini zaidi ya kumi za aina ya Essex pekee. Na Yorktown, iliyopigana Midway, ilikuwa imetoka kuumizwa mwezi uliotangulia. Mafundi wa Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani kule Hawaii, waliitengeneza kwa siku tatu hivi, ikarudi baharini.

Normandy, ile pwani ya Ufaransa walikotua Wamarekani, Waingereza na wenzao, wengi wao wameshaiona kwenye filamu, kwa hiyo usipoteze vipindi viwili. Wakumbushe tu kwamba tarehe 6 Juni 1944 Stalingrad na Kursk (vita vikubwa vya vifaru huko Urusi) vilikuwa vimeshapita.

Kuhusu Kursk, nakiri. Kwa miaka nilifundisha kwamba tarehe 12 Julai 1943, pale Prokhorovka, vifaru vya Wasovieti viliwasaga Wajerumani. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kinyume: Wasovieti ndio waliopoteza vifaru vingi zaidi siku ile, tena kwa mbali. Hata hivyo siku iliyofuata Hitler alikata shauri kusitisha mashambulizi, maana Washirika, yaani Waingereza, Wamarekani na wenzao, walikuwa wameshatua Sicily, Italia, tarehe 10, na Wasovieti walikuwa bado na akiba ya kuleta. Nilirudi kwa wanafunzi nikawaambia futeni ukurasa ule. Waliguna, ila tangu hapo walianza kuniuliza "umeipata wapi?", na ingawa swali hilo linachosha saa saba mchana, ndilo ninalotaka.

Mwisho wa mada usiwaache Ulaya. Wape kazi ya nyumbani: waulize wazee kama ukoo una mtu aliyekuwa Keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza (KAR). Kila mwaka hupatikana mmoja au wawili. Ili waelewe majibu watakayoleta, waeleze kwanza mapigano ya Imphal na Kohima, miji ya India mpakani na Burma, 1944. Jenerali Mutaguchi wa Japani aliwavusha askari wake milimani wakiwa na chakula cha wiki tatu hivi, akitegemea kuteka maghala ya Waingereza. Maghala hayakutekwa. Imphal ilizingirwa kama Stalingrad, ila safari hii ndege za kutosha zilikuwepo, na aliyekufa njaa ni yule aliyezingira. Mzingiro ulipovunjwa tarehe 22 Juni, waliotumwa kuwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, mvua za masika ya huko zikiwa zimepamba moto, walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo). Waliingia Kalewa tarehe 2 Desemba. Barabara zilikuwa tope, kwa hiyo chakula chao kilidondoshwa kwa ndege.

Mwaka juzi msichana mmoja alirudi na jibu la mistari mitatu tu. Baba wa babu yake alikwenda Bama, yaani Burma. Wajapani hakuwazungumzia sana. Alichosimulia mpaka anaingia kaburini ni magunia ya chakula kuanguka kutoka mawinguni, na ukoo mzima uliamini mzee anatia chumvi.

Alikuwa amekaa pale mbele anatazama ubaoni, kwenye ile nusu kilo. Nikamwambia Ijumaa akifika nyumbani awaambie mzee hakutia chumvi.