Bahati nasibu Uskoti ikijitenga

SWALI: Kama Uskoti ingejitenga na Uingereza katika kura ya 2014, fedha za michezo zitokanazo na bahati nasibu zingegawanywaje?

JIBU: Anza na pauni moja ya tiketi. Wakati huo, kwa wastani, takriban peni 28 zilikwenda kwenye shughuli za jamii, 12 zilikuwa kodi, 5 zilikuwa kamisheni ya mwenye duka. Katika zile 28, asilimia 20 ilikuwa ya michezo, yaani peni tano na ushee. Sehemu ya fungu hilo UK Sport, shirika la michezo la Uingereza nzima, huwagawia wanamichezo wa kiwango cha juu, na sportscotland, shirika la michezo la Uskoti, hupata lake.

Serikali ya Uskoti ilipendekeza wananchi waendelee kucheza bahati nasibu ya Uingereza mpaka leseni ya kuiendesha iishe, 2023. Tunaona ilikuwa busara: bahati nasibu ya watu milioni tano hutoa donge dogo, wachezaji hupungua, na fungu la michezo husinyaa.

Kikwazo kingine ni Olimpiki. Kamati mpya ya Olimpiki ya taifa huhitaji angalau vyama vitano vyenye uanachama wa mashirikisho ya kimataifa. Kwa mfano, Sudan Kusini, huru tangu Julai 2011, ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki 2015.