Siku moja Delhi na kamera: chukua mtu wa kwako, ila ratiba panga wewe

Mkuu umeuliza, unampeleka mzee Delhi kwenye matibabu mwezi wa pili, hapo katikati kuna siku moja hamna kliniki wala vipimo, una kamera yako, sasa je ukodi mwongoza watalii wa peke yako au ujizungukie tu na metro. Mimi nimepita njia hiyohiyo, nilimpeleka mama kwa ajili ya moyo, tulikaa wiki tano, mwezi huohuo wa pili, kwa hiyo niache nikujibu kwa urefu manake niliharibu siku nzima kabla sijaipata ile iliyonyooka.

Ile ya kuharibika ilikuwa hivi. Pale tulipofikia jamaa wa mapokezi akaniambia atanitafutia gari na dereva anayejua kuongoza, karatasi yake ina sehemu tisa kwa siku moja, India Gate, Lotus Temple, Qutub Minar, Red Fort na nyinginezo, nikaona kwa bei ile nimeula. Kumbe foleni ya Delhi ni foleni kweli, na kila tukikaribia sehemu dereva anasema tupitie kwanza hapa dakika tano tu, hapo ni duka la mazulia, unakalishwa, unaletewa chai, mazulia yanakunjuliwa mbele yako moja moja. Tukitoka hapo duka la shali, kisha la vito. Yeye anapata chake kwa kukuingiza mle, ununue usinunue. Saa tatu za mchana zikaishia madukani na jioni nikarudi kwa mama na picha za kupiga kupitia kioo cha gari.

Kwa hiyo la kwanza mkuu, mtu anayekuzungusha umlipe hela yake kamili na mkubaliane mapema, tena kwa maandishi kwenye WhatsApp, kwamba hakuna duka hata moja. Waongozaji wenye leseni ya Wizara ya Utalii ya India wana kitambulisho wanavaa shingoni, mwambie akutumie picha ya hicho kitambulisho kabla. Mimi nilimpata dada mmoja, kazaliwa Delhi ya zamani hukohuko vichochoroni, nikamlipa rupia 4,000 siku nzima, na gari nikakodi kando kwa 2,800. Magari yao wanakodisha kwa mtindo wa saa 8 kilomita 80, ukizidisha saa unaongeza na ukizidisha kilomita unaongeza, ulizia hiyo nyongeza ni kiasi gani kabla hujapanda. Nilipomtumia orodha yangu ya sehemu saba akanijibu chagua tatu. Nilitaka kubisha, bahati nzuri sikubisha.

La pili ni siku yenyewe. Jumatatu Red Fort imefungwa na Lotus Temple pia. Jumapili soko la viungo la Khari Baoli halifunguliwi. Ijumaa msikiti mkubwa, Jama Masjid, umejaa na mchana hupati kuzunguka na kamera. Mimi nilikwenda Jumatano, na nakushauri Jumanne hadi Alhamisi kama kliniki itakuruhusu.

Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi, bado giza giza, na vaa sweta aisee, mwezi wa pili asubuhi kule ni baridi sio ya mchezo kwa mtu wa pwani. Tukaanza Jama Masjid, msikiti aliojenga Shah Jahan, huyuhuyu wa Taj Mahal, kati ya 1650 na 1656, uani pale wanaingia watu 25,000. Viatu unavua mlangoni, na lile jiwe jekundu asubuhi linauma nyayo kama barafu, chukua soksi nzito. Kuingia ni bure ila kwa kamera walinichaji rupia 300, hata simu wanaihesabu kamera. Nikaswali rakaa mbili kwanza, dada kashika begi. Jua la mwezi huo linatoka kwenye ukungu uliochanganyika na moshi, halichomi, limekaa kama kiini cha yai, na ukisimama ndani ya tao unapiga kuelekea uani watu wote wanatoka vivuli, njiwa wakiruka ndo usiseme. Hiyo nusu saa ya kwanza ndo nimepata picha zangu bora za asubuhi, na kama ningetoka saa 3 kama yule dereva wa mwanzo nisingeikuta.

Jambo ambalo mtu wa kwako anakusaidia kuliko yote ni watu. Vichochoro vya pale vimebana, waya za umeme zimening'inia juu kama nywele zisizochanwa, baiskeli za abiria zinapita zinakugusa bega, na ukiwa mgeni una kamera shingoni kila mtu anakuona. Mimi nilizoea kupiga kwa kuiba, kamera kiunoni. Yule dada akaniambia izime kwanza, tukakaa kibarazani kwa mzee anayeuza chai, tukanywa kwenye vikombe vya udongo, akawa anaongea nao kwa Kiurdu, wazee anawaita chacha, kama sisi tunavyosema baba mdogo. Mimi nasikia habari, wakati, dunia, kitabu vinapita kwenye maneno yao nageuka kila mara. Nikawaambia kwetu tunahesabu laki, wakacheka sana kwani na wao laki ni laki ileile, 100,000. Baada ya hapo mzee mwenyewe ndo akasema njoo unipige, akavaa kofia yake vizuri, akatazama lenzi moja kwa moja. Picha ile ukiiona utajua yule mtu kakubali. Jifunze tu kusema "ek photo?" huku umenyoosha kidole kimoja, akitikisa kichwa pembeni pembeni kama anasema hapana hiyo ni sawa, ila akiinua kiganja acha, usibembeleze. Watoto usiwape hela, mwonyeshe picha yake kwenye kioo cha kamera inatosha.

Barabara yenyewe ya Chandni Chowk siku hizi magari hayaingii kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, walikarabati ikafunguliwa 2021, kwa hiyo unatembea au unapanda baiskeli ya abiria. Kuna hekalu la Wajaini, kuna gurudwara ya Masingasinga, kuna kanisa, kuna msikiti, zote mtaa mmoja. Ukiingia gurudwara funika kichwa na uliza kabla ya kutoa kamera, ndani ya ukumbi wa ibada usipige.

Saa 4 tukaingia Khari Baoli. Hapo mkuu ndo sababu hasa ya mimi kuandika yote haya. Ni soko la jumla la viungo, wanasema kubwa kuliko yote Asia, barabara nzima magunia, na makuli (neno letu hilo hilo) wanapita mbio na gunia kichwani, ukisikia mtu anapiga kelele nyuma ruka pembeni usiulize. Ngazi za jengo moja la zamani linaloitwa Gadodia zina vumbi la pilipili mpaka unakohoa machozi yanatoka, kila mtu anakohoa, hata wenyewe. Ukifika juu darini unaona ua wote wa soko chini, makuli wadogo dogo na mizigo, jua linaingia kwa mshazari kwenye vumbi. Vaa barakoa, mbili kabisa, na kamera usibadilishe lenzi pale, vumbi lile likiingia kwenye sensa, kile cha ndani kinachonasa picha, utajuta. Mzee wako usimlete huku hata kama anajisikia vizuri, mtu wa moyo au kifua hapa hapafai kabisa.

Sasa tukiwa tunashuka nikasikia harufu. Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia Wete, harufu ile hata nikiwa usingizini naijua. Nikaifuata mpaka kwenye duka moja jembamba, mzee kakaa juu ya godoro jeupe, mbele yake masinia ya iliki, mdalasini, pilipili manga, na sinia moja karafuu. Nikainama nikachukua moja, nikaibana kichwa kwa ukucha kama tulivyofundishwa udogoni, mafuta yakatoka, ukucha ukang'aa. Yule mzee akaacha kuongea na mteja wake. Akamuuliza dada, "Huyu kayajulia wapi?" Dada akamwambia anatoka Zanzibar. Mzee akarudia, "Zanzibar!" akapiga paja lake, akaingia ndani akatoka na gunia lingine akalifungua mdomo mbele yangu, akachota kiganja kizima akanimiminia mkononi, anasema hizi ndo za kwenu hizi. Zilikuwa nyekundu ya kahawia, kichwa kimekaa, makonyo, vile vijiti vyake, hayamo, mtu kazichambua vizuri.

Siwezi kukueleza nilivyojisikia. Utoto wangu wote ni msimu wa karafuu, baba juu ya mkarafuu, sisi chini tunachambua mpaka usiku vidole vyeusi, asubuhi kuanika kwenye majamvi, wingu likionekana mbio kuanua. Zikishapelekwa kituo cha kuuzia na pesa ikalipwa sisi habari yake iliishia pale, sikuwahi kufikiri zinakwenda kukaa kwenye sinia gani. Nikamwomba mzee nimpige. Sikumpiga uso, nilipiga mkono wake na wangu pamoja juu ya gunia, karafuu zinamwagika kati, lenzi ya milimita 35, nimeinama mpaka magoti yako sakafuni, mwanga unatoka mlangoni tu upande mmoja. Nilipiga kama ishirini na yeye hakuharakisha hata kidogo. Nilitaka kununua robo kilo akakataa hela, akazifunga kwenye kipande cha gazeti.

Mchana tulikula nihari, mchuzi wa nyama uliopikwa taratibu, karibu na msikiti tukapumzika, manake saa 6 hadi saa 9 jua liko utosini na picha hazitoki, usijilazimishe.

Alasiri dada akatoa wazo ambalo nisingelipata peke yangu. Akasema mama yako ana nguvu ya kutembea kidogo? Basi mpitie, twende naye kaburi la Humayun. Hapo pametandazwa vizuri, bustani, viti, mama anakaa kivulini wewe unapiga. Lile jengo aliliagiza mjane wa huyo Humayun, aliyekuwa mfalme, likamalizika 1572, Taj Mahal bado haijafikiriwa, jiwe jekundu na marumaru nyeupe, na madirisha ya jiwe lililotobolewa matundu kama nakshi, jua la saa 10 linapita mle linachora sakafu nzima. Kaa ndani usubiri mtu apite kwenye ile michoro ya mwanga. Pembeni kuna kaburi la Isa Khan, dogo la pembe nane, ni la 1547, watu wanalipita tu na mimi nililipenda zaidi. Ukarabati wa pale walifanya watu wa taasisi ya Aga Khan, haohao waliotutengenezea bustani ya Forodhani kule Unguja 2009. Tiketi ya mgeni nilipokwenda ilikuwa rupia 600 na raia wao 40, usibishane getini, sisi hatumo kwenye nchi za punguzo. Stendi ya miguu mitatu hawaruhusu bila kibali, na droni acha nyumbani kabisa, Delhi sio sehemu ya kurushia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti upande wa bustani, kanga mabegani, kachoka lakini macho yapo. Nikatoa lile gazeti nikamfungulia mapajani. Hakuuliza zimetoka wapi. Alichukua moja akaibana kwa ukucha, akainusa, akaivunja kwa meno, akatafuna taratibu huku anaangalia lile kuba, alafu akasema, "Hii ilipata jua la siku nne mfululizo, haikunyeshewa." Yule dada akataka nimtafsirie, nikamtafsiria, akakaa chini kwenye majani karibu na miguu ya mama na mama akaanza kumfundisha kuchagua karafuu, moja moja, mbovu huku nzuri huku, kila mtu kwa lugha yake. Saa 11 na nusu jioni hiyo, jua limeshuka usawa wa miti. Nilipiga picha tatu tu nikaweka kamera begini.

Tarehe za kliniki zikishatoka ziweke hapa mkuu, nikuangalizie siku ipi inaangukia vizuri, na namba ya yule dada nitakutumia inbox nikishamuuliza kama hana neno. Mzee apone.